Pivoti bila kukwama: mwongozo kamili wa kupanga na kujumlisha mauzo kwenye Excel

"Mbona pivoti yangu inahesabu mistari badala ya kujumlisha pesa?" "Mbona miezi haitokei?" "Nimeingiza mauzo ya leo, mbona ripoti haijabadilika?" Maswali haya yanarudi kila wiki, na wanaouliza si wazembe. Wamefuata maelekezo, wameburuta walichoambiwa waburute, na bado majibu hayaeleweki.

Pivoti (PivotTable) ni ripoti ambayo Excel huitengeneza kwa kupanga na kujumlisha orodha ndefu. Mara nyingi tatizo liko kwenye orodha yenyewe, kabla pivoti haijaanzishwa. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza hapa ni ndefu kuliko zote. Usiziruke. Ukizimaliza vizuri, kilichobaki ni kazi ya dakika chache.

Tutatumia mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi matatu: Mbagala, Tegeta na Kibaha. Mwenye duka anataka kujua kila tawi limeuza kiasi gani kila mwezi, bidhaa ipi inabeba duka, na mauzo mangapi yamekwenda kwa mkopo.

## Unachohitaji

- Kompyuta yenye Excel 2016 au mpya zaidi. Kwenye simu utakosa baadhi ya zana zilizotajwa hapa.
- Orodha ya mauzo, mstari mmoja kwa kila bidhaa iliyouzwa.
- Nakala ya faili hilo, iliyohifadhiwa pembeni kwa jina jingine. Tutasafisha data, na kusafisha kunaweza kuharibu.
- Swali lako, limeandikwa kwenye karatasi kwa sentensi moja.

Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye Excel yenye menyu za Kiingereza, maana ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi. Ninaposema "safu" ni ile inayoshuka wima, na "mstari" ni ule unaokwenda upande.

## Hatua ya 1: Nyoosha orodha

Pivoti inasoma orodha ya namna moja tu: kichwa kimoja juu ya kila safu, na tukio moja kwa kila mstari. Yaani hivi:

| Tarehe | Tawi | Bidhaa | Idadi | Bei | Jumla | Malipo |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 05/03/2025 | Mbagala | Saruji | 10 | 17,000 | 170,000 | Taslimu |
| 05/03/2025 | Kibaha | Nondo | 8 | 25,000 | 200,000 | Mkopo |
| 06/03/2025 | Tegeta | Misumari | 3 | 4,500 | 13,500 | Simu |
| 06/03/2025 | Mbagala | Saruji | 5 | 16,500 | 82,500 | Mkopo |

Angalia kwamba "Mbagala" imeandikwa kila mara. Wengi huandika jina la tawi mara moja juu, kisha wanaacha visanduku vya chini yake vitupu kwa sababu macho yanaelewa. Excel haielewi. Kisanduku kitupu kwake ni tawi lisilo na jina, na kwenye ripoti litatokea kama "(blank)".

Ondoa vitu hivi:

Vichwa vitupu na visanduku vilivyounganishwa. Chagua orodha yote, nenda Home, bofya Merge & Center ili kuvitenganisha, kisha jaza vilivyobaki vitupu. Kichwa kimoja tu kikikosekana utaletewa ujumbe unaoanza na "The PivotTable field name is not valid", na pivoti haitatengenezwa.

Mistari ya "JUMLA" katikati ya orodha. Pivoti itaichukua kama mauzo ya kawaida na kuyajumlisha mara ya pili. Kosa hili halitoi onyo lolote, na linaweza kumfanya mwenye duka aamini ameuza mara mbili ya alichouza.

Mistari mitupu iliyowekwa kutenganisha siku na siku.

Miezi iliyopangwa kama safu. Kama shiti yako ina safu ya Januari, ya Februari, ya Machi na kuendelea, hiyo tayari ni ripoti, na ripoti haipangiki tena. Irudishe iwe orodha: bofya ndani yake, nenda Data, kisha From Table/Range. Kwenye dirisha litakalofunguka chagua safu zisizo za miezi (tuseme Tawi na Bidhaa), bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa cha mojawapo, chagua Unpivot Other Columns, halafu Close & Load. Miezi yote itashuka kwenye safu moja na kiasi chake kwenye safu ya pembeni.

*Umefanikiwa ikiwa* unaweza kuokota mstari wowote, ukausoma peke yake, na ukaelewa nini kiliuzwa, wapi, lini na kwa shilingi ngapi.

## Hatua ya 2: Pima tarehe, namba na majina

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua wamekwama wapi.

### Tarehe

Excel huihifadhi tarehe halisi kama namba. Iliyoandikwa tu kama maneno inaonekana vilevile kwa macho, lakini haiwezi kupangwa kwa miezi. Kuipima, nenda kwenye safu tupu ya pembeni uandike:

=ISNUMBER(A2)

Ishushe fomula hadi mwisho wa orodha. Palipo na TRUE pako sawa. Palipo na FALSE, hiyo si tarehe. Ukimaliza, futa safu hiyo ya kupimia.

Kurekebisha, chagua safu ya tarehe, nenda Data, Text to Columns, bofya Next mara mbili, weka alama kwenye Date, chagua DMY, kisha Finish. DMY inaiambia Excel kwamba siku imetangulia, ukafuata mwezi, halafu mwaka, kama tunavyoandika sisi.

Tahadhari kubwa. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani huanza na mwezi. Ukiingiza 05/03/2025 itaisoma kama tarehe 3 Mei, bila kulalamika. Ukiingiza 25/03/2025 itashindwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, na itaiacha kama maneno. Kwa hiyo ukiona tarehe za kuanzia 13 ndizo zenye FALSE huku za 1 hadi 12 zina TRUE, usifurahie hizo za TRUE: siku na mwezi vimebadilishana nafasi, na Text to Columns haitazirudisha. Badilisha kwanza mpangilio wa Region wa Windows uwe wa nchi yako, kisha ingiza data upya kutoka faili la asili.

### Namba

"170,000/=" na "Tsh 170000" kwa Excel ni maneno. Chagua safu ya pesa, bonyeza Ctrl+H, kwenye Find what andika /= na kwenye Replace with usiandike kitu, kisha Replace All. Rudia kwa Tsh au Ksh. Ukitaka alama ya fedha ionekane, iweke kupitia Format Cells, usiiandike ndani ya kisanduku.

### Majina

"Mbagala", "Mbgala" na "Mbagala" yenye nafasi mwishoni ni matawi matatu kwa pivoti. Herufi kubwa na ndogo haijali, lakini nafasi inaijali sana, na nafasi ya mwishoni haionekani kwa macho.

Bonyeza Ctrl+Shift+L kuweka vishale vya kuchuja, kisha fungua kishale cha safu ya Tawi. Orodha inayoshuka inaonyesha kila jina mara moja. Matawi ni matatu. Ukihesabu matano, mawili ni makosa ya uandishi. Fomula ya =TRIM(B2) huondoa nafasi za mwanzo na mwisho. Data iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa intaneti huwa na nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM peke yake haiigusi, hiyo tumia:

=TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "))

Nakili matokeo na uyabandike juu ya safu ya zamani kwa Paste Special, Values.

*Umefanikiwa ikiwa* ISNUMBER inatoa TRUE kwa tarehe zote, na vichujio vinaonyesha majina unayoyatambua tu.

## Hatua ya 3: Igeuze orodha kuwa jedwali

Bofya popote ndani ya orodha, bonyeza Ctrl+T, hakikisha My table has headers ina alama, kisha OK. Kwenye Table Design, futa jina la Table1 uandike Mauzo.

Sababu ni moja na inatosha: jedwali linakua lenyewe. Mauzo ya kesho ukiyaandika kwenye mstari unaofuata, chini kabisa, yanaingia ndani ya Mauzo bila wewe kufanya lolote. Asiyepita hatua hii hubaki na pivoti inayosoma hadi mstari wa 500 wakati orodha imeshafika 800.

## Hatua ya 4: Anzisha pivoti

Ukiwa ndani ya jedwali, nenda Insert, PivotTable. Kwenye Table/Range ionekane Mauzo. Chagua New Worksheet, bofya OK.

Shiti mpya itafunguka: kushoto kisanduku kikubwa kitupu, kulia PivotTable Fields yenye majina ya safu zako, na chini yake sehemu nne: Filters, Columns, Rows na Values. Upande huo wa kulia ukipotea, bofya ndani ya pivoti. Ukigoma kurudi, nenda PivotTable Analyze, Field List.

## Hatua ya 5: Liweke swali kwenye nafasi zake

Chukua karatasi yenye swali lako. La kwetu ni: *jumla ya mauzo kwa kila tawi, kwa kila mwezi.*

Unachotaka kujumlisha kinakwenda Values. Kinachofuata "kwa kila" kinakwenda Rows au Columns. Kama swali lina sharti, mfano "ya saruji tu", safu yenye sharti hilo, hapa Bidhaa, inakwenda Filters. Basi buruta Jumla hadi Values, Tawi hadi Columns na Tarehe hadi Rows.

Kipi kiwe Rows na kipi Columns? Chenye majina mengi kiweke Rows. Karatasi ya A4 inavumilia mistari arobaini, lakini safu arobaini hazisomeki.

Sasa tazama juu ya namba. Kama imeandikwa "Sum of Jumla", endelea. Kama ni "Count of Jumla", Excel imekuta maneno au visanduku vitupu kwenye safu ya Jumla na imeamua kuhesabu mistari. Unaweza kubofya kitufe cha kulia juu ya namba, Summarize Values By, Sum, lakini usiishie hapo. Yale maneno yaliyosababisha Count hayataingia kwenye Sum, na mauzo hayo yatapotea kimya kimya. Rudi Hatua ya 2 uyatafute.

### Kipimo ambacho hakirukwi

Kwenye kisanduku kitupu nje ya pivoti andika:

=SUM(Mauzo[Jumla])

Namba hiyo ilingane na Grand Total ya pivoti kabla hujaweka kichujio chochote. Kisha ilinganishe na daftari au mashine ya risiti ya siku moja unayoifahamu vizuri. Pivoti inaweza kupendeza sana na bado ikawa na uongo, kwa hiyo mazoea haya ya kulinganisha ni ya kila ripoti, hata ya dharura.

## Hatua ya 6: Panga tarehe kwa miezi, wiki au robo mwaka

Kuanzia Excel 2016, ukiburuta tarehe halisi mara nyingi Excel inazipanga yenyewe kwa miezi. Isipofanya hivyo, bofya kitufe cha kulia juu ya tarehe yoyote ndani ya pivoti, chagua Group, kisha bofya Months na Years kwa pamoja.

Narudia: kwa pamoja. Ukichagua Months peke yake, Machi 2024 na Machi 2025 zitaingia kwenye mstari mmoja uitwao Mar. Biashara yenye data ya miaka miwili itaonekana imechangamka ajabu.

Kwa wiki, ondoa vyote, acha Days peke yake, na kwenye Number of days andika 7. Kwenye Starting at weka tarehe iliyoangukia Jumatatu, la sivyo wiki zako zitaanzia siku yoyote ile data ilipoanzia.

Ukipata "Cannot group that selection", kuna tarehe ambayo ni maneno au kisanduku kitupu. Dawa iko Hatua ya 2.

Bidhaa nazo zinakusanyika. Shikilia Ctrl, bofya Saruji, Kokoto na Mchanga, kisha kitufe cha kulia na Group. Excel itaita Group1. Andika juu yake "Msingi". Namba pia: weka Bei kwenye Rows, chagua Group, na By uandike 10000 upate viwango vya bei.

Jambo moja huwachanganya watu: pivoti mbili zilizotokana na jedwali lilelile hushirikiana makundi. Ukigeuza miezi kuwa robo mwaka kwenye moja, na ya pili inageuka. Hiyo si hitilafu.

## Hatua ya 7: Mpangilio unaosomeka

Excel huanza na mpangilio uliobanwa, majina yote yakiwa kwenye safu moja yenye kichwa "Row Labels". Hakuna bosi atakayefurahia kuusoma. Nenda Design, Report Layout, Show in Tabular Form. Ukiwa na ngazi mbili, mfano Tawi na Bidhaa, ongeza Repeat All Item Labels.

Alama za elfu usiziweke kwa kuchagua visanduku na kubadilisha mtindo wake. Bofya kitufe cha kulia juu ya namba, Number Format, Number, ondoa desimali, weka alama ya Use 1000 Separator. Kwa njia hii mtindo unabaki hata pivoti ikibadilika umbo.

Badilisha "Sum of Jumla" kwa kuandika juu yake "Mauzo (TSh)". Ukiandika "Jumla" tupu Excel itakataa, kwa kuwa jina hilo tayari ni la safu.

Safu zikipanuka na kubana kila ukiburudisha ripoti (Refresh, yaani kuifanya isome data upya), bofya kitufe cha kulia ndani ya pivoti, fungua PivotTable Options na uondoe alama kwenye Autofit column widths on update.

## Hatua ya 8: Asilimia, na mtego wa bei

Mwenye duka aliuliza kuhusu mkopo. Toa Tarehe, hamishia Tawi kwenye Rows, weka Malipo kwenye Columns. Bofya kitufe cha kulia juu ya namba, Show Values As, % of Row Total. Sasa kila tawi linajumlika kuwa 100%, na unaona mara moja ni tawi lipi linaloishi kwa kukopesha.

Mtego uko kwenye Calculated Field, yaani safu ya fomula inayotengenezwa ndani ya pivoti, iliyoko PivotTable Analyze, Fields, Items & Sets. Wengi wasio na safu ya Jumla huandika pale =Idadi*Bei. Matokeo ni mabaya. Tazama zile saruji za Mbagala: mifuko 10 kwa 17,000 na mifuko 5 kwa 16,500. Mauzo halisi ni 252,500. Calculated Field hujumlisha kwanza ndipo izidishe: mifuko 15 mara bei 33,500, inakuletea 502,500. Karibu mara mbili!

Kwa hiyo kuzidisha kufanyike kwenye jedwali la Mauzo, mstari kwa mstari, kwa fomula =[@Idadi]*[@Bei].

Kwa kugawanya, tabia ileile inakuwa faida. Ukitaka bei ya wastani ya saruji, Average ya safu ya Bei itakupa 16,750, kana kwamba mauzo yote mawili yalikuwa na uzito sawa. Calculated Field ya =Jumla/Idadi itagawa 252,500 kwa 15 na kutoa 16,833, ambayo ndiyo pesa uliyoipata kwa kila mfuko.

## Hatua ya 9: Burudisha

Kwenye matoleo mengi ya Excel, pivoti haijisasishi kila unapoandika mauzo mapya. Bofya ndani yake, bonyeza Alt+F5. Kama faili lina pivoti kadhaa, Ctrl+Alt+F5 huziburudisha zote. Ukitaka ifanyike kila faili linapofunguliwa, nenda PivotTable Options, Data, Refresh data when opening the file.

Majina uliyoyasahihisha yakiendelea kuonekana kwenye vichujio, kwenye sehemu hiyohiyo ya Data badilisha Number of items to retain per field iwe None, kisha burudisha.

Wanaotumia Google Sheets: njia ni Insert, Pivot table, na huko ripoti hujisasisha yenyewe. Miezi hupatikana kwa kitufe cha kulia juu ya tarehe, Create pivot date group. Kwenye LibreOffice Calc, bofya tarehe ndani ya pivoti kisha F12.

## Hatua ya 10: Kabla ya kuituma

Bofya mara mbili namba yoyote ndani ya pivoti. Shiti mpya itafunguka ikiwa na kila mstari uliounda namba hiyo. Kwa kukagua mauzo yenye shaka, hakuna zana nzuri kuliko hii.

Lakini atakayepokea faili naye anaweza kubofya mara mbili. Hata ukifuta shiti ya Mauzo, pivoti kwa kawaida hubaki na nakala ya data ndani yake. Fikiria ni orodha ya mishahara, au ya wagonjwa wa zahanati. Kuificha shiti hakusaidii kitu.

Kwa hiyo chagua pivoti yote, Ctrl+C, fungua faili jipya, Paste Special, Values and number formats. Bofya mara mbili namba yoyote kwenye hilo faili jipya. Ikiwa kishale kinamulika tu ndani ya kisanduku na hakuna shiti iliyofunguka, hilo ndilo la kutuma.